TUPIMENI SISI, LAKINI PIMENI NA OFISI



Mwezi uliopita mambo mawili yalitokea katika karakana yetu. Watu wengi waliyaona kuwa ni mambo mbalimbali. Sisi tunaona ni jambo moja, na tunataka kulieleza hapa ili kila mwanachama alifahamu.

Jambo la kwanza ni hili. Alikuja kijana mmoja wa chuo kikuu, anayetafuta shahada yake ya pili katika elimu ya mambo ya jamii. Alikuwa na karatasi za maswali. Alisimama mlangoni pa kantini saa ya chakula akawauliza watu: una miaka mingapi, ulisoma mpaka darasa gani, unapata mshahara gani, msimamizi wako ni mtu wa wapi, na je, unaona kazi hugawanywa kwa haki? Wengine walimkimbia wakidhani ametumwa na ofisi. Wengine walimdanganya. Mzee mmoja, fundi wa breki, alimwambia ana watoto kumi na wanne, naye anao wanne tu. Watu wakacheka, na kijana akaandika kumi na wanne.

Jambo la pili lilitokea katika mkutano wa wakubwa na wajumbe wetu. Afisa mmoja alisimama akasema kwamba wasomi wamekwisha kuchunguza hapa hapa Kenya, wakaona kuwa mtu wa mkataba hufanya kazi kuliko mtu wa kudumu. Akatoa mfano wa walimu. Akasema basi nafasi za wazee wanaostaafu zitajazwa na watu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wajumbe wetu walinyamaza. Hawakunyamaza kwa kukubali, bali kwa sababu hawakuwa wameusoma uchunguzi huo. Ni vigumu kushindana na karatasi usiyoijua.

Sasa tumeisoma. Aliyetusaidia ni yule yule kijana wa kantini. Alituletea karatasi zenyewe, akakaa nasi jioni tatu baada ya kazi akitufafanulia Kiingereza chake kigumu. Yafuatayo ndiyo tuliyoyaona.

BABU ZETU WALIPIMWA

Kwanza tukumbuke kwamba si mara ya kwanza mtu wa reli kupimwa. Mwezi wa Januari mwaka 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma mgomo mkubwa, na watu wa reli walikuwamo. Mwaka huo huo wataalamu walichunguza Waafrika waliokuwa wakifanya kazi ya reli mjini Nairobi. Mkubwa wao alikuwa Bwana C. H. Northcott, na taarifa yao ilipigwa chapa London mwaka 1949. Jina la taarifa lilitaja uchunguzi wa ufanisi wa kazi ya Mwafrika.

Litazameni jina hilo. Hawakuandika ufanisi wa reli, wala ufanisi wa usimamizi. Walioandikwa ni Waafrika peke yao. Na siku zile mishahara ya reli ilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwafrika alilala katika chumba cha landhi pamoja na wenzake, na mke na watoto walibaki nyumbani kwa sababu mshahara haukuwatosha. Mtu kama huyo akichoka saa nane mchana aliitwa mvivu. Hatusemi kila walichokiandika kilikuwa uongo, kwa maana waliangalia pia afya na chakula. Tunasema kwamba swali likianza kwa mtu, jibu nalo huelekea kwa mtu.

Yalikuwapo mabaya zaidi. Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa mkubwa wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika, nacho kilitolewa na Shirika la Afya la Ulimwengu mwaka 1953. Alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Yaani aliwatazama wagonjwa waliofungiwa katika hospitali moja, akahukumu bara zima. Tena Serikali ya ukoloni ikamwita aeleze Mau Mau ni kitu gani, na kijitabu chake kikapigwa chapa na Serikali mwaka 1954. Watu walikuwa wanadai ardhi na uhuru, na daktari akaenda kutafuta ugonjwa vichwani mwao. Nyani haoni kundule.

Lakini mwaka huo huo wa 1954 ilitoka taarifa nyingine, ya kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, Kamishna wa Kazi. Kamati hiyo haikupima bongo. Ilipima mshahara. Ilitazama bei ya unga, kodi ya chumba, nguo na kuni, ikaona kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa Serikali, walikuwa wakipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mwanadamu. Ikasema mshahara umewekwa kama kwamba kila mfanya kazi ni kapera, na kwamba lazima upandishwe kwa hatua mpaka umtoshe mtu mwenye mke na watoto.

Ndugu, nchi ilikuwa ile ile, miaka ile ile. Mmoja alipima kichwa cha mfanya kazi akapata fedheha. Wengine walipima bahasha ya mshahara wakapata ukweli ambao vyama vya wafanya kazi viliweza kuutumia mezani. Kwa hiyo tusiseme wasomi wote ni maadui, wala tusiseme wasomi wote wana haki. Tuulize kwanza, ni kitu gani kilichowekwa juu ya mizani?

KITABU NA MTOTO

Sasa tuje kwenye siku za karibu. Kuanzia mwaka 1996, katika wilaya za Busia na Teso, wachunguzi watatu, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, walitaka kujua kama vitabu huwasaidia watoto wa shule za msingi. Zilichaguliwa shule 100, na 25 kati yake zikapewa vitabu kwanza, nyingine zikangoja. Hawakuchagua shule kwa kupenda. Walichagua kama mtu anavyopiga kura, ili shule zilizopata na zile zilizokosa ziwe sawa katika mambo mengine yote. Ni njia nzuri, nasi tunaisifu, kwa maana haimpendelei mtoto wa chifu wala mtoto wa mwalimu mkuu.

Kila mtu alitumaini alama zitapanda. Hazikupanda. Waliopata faida ni wale watoto waliokuwa wakiongoza darasa tangu zamani. Wengine walibaki pale pale.

Afisa mwenye haraka angesema watoto wa Busia ni wazito. Wachunguzi hawakusema hivyo. Walikitazama kitabu chenyewe. Kiliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Watoto wengi hawakuweza kukisoma. Kitabu kilikuwa kizuri kwa mtoto ambaye hakuwapo darasani.

Sisi tuliosoma shule za misheni na kuishia darasa la saba au la nane tunaijua hali hiyo. Tulikariri habari za theluji na hatujapata kuiona. Tulichapwa kwa sababu hatukufahamu, tukaambiwa vichwa vyetu ni vigumu, nasi tukaamini. Wengi wetu bado tunaamini mpaka leo, ndiyo maana mtu wa karakana akiulizwa swali na mtu mwenye tai huinamisha kichwa. Tungeambiwa mapema kwamba kosa lilikuwa la kitabu, huenda tungeinua vichwa mapema.

MWALIMU WA MKATABA

Hapa ndipo tunapofika kwenye maneno ya yule afisa.

Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwezi wa Januari mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni. Walimu hawakuongezeka vivyo hivyo. Madarasa yakajaa. Kuanzia mwaka 2005, huko Magharibi, wachunguzi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya jaribio. Shule zilizochaguliwa kwa kura zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja zaidi kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwalimu huyo alichaguliwa na kamati ya shule, na alilipwa kiasi cha robo ya malipo ya mwalimu wa Serikali. Akifanya vizuri mkataba unaendelea, asipofanya vizuri unakwisha.

Matokeo ni haya. Darasa la mwalimu wa Serikali lilipungua kutoka watoto 82 hadi 44 kwa wastani, lakini alama za watoto wake hazikupanda kwa kiasi cha kuonekana. Watoto waliopewa mwalimu wa mkataba alama zao zilipanda. Mwalimu wa mkataba alikosa kazini mara chache. Mwalimu wa kudumu, alipoona msaidizi amekuja, alilegea.

Hii ndiyo nusu aliyoisema afisa. Ni kweli, nasi hatutaificha. Lakini karatasi ile ile ina maneno mengine ambayo hakuyataja. Kiasi cha theluthi ya nafasi za mkataba zilikwenda kwa jamaa za walimu waliokuwapo. Na katika shule ambazo wazazi wa kamati walifundishwa namna ya kusimamia, upendeleo huo ulipungua, na walimu wa kudumu nao hawakulegea kama kwingine. Mkataba wa walimu hao wa kudumu haukubadilishwa hata neno moja. Kilichobadilika ni usimamizi.

Tena kuna uchunguzi wa pili, ambao afisa hakuutaja kabisa. Serikali ilikusudia kuajiri walimu wa mkataba 18,000 nchi nzima. Katika miaka ya 2010 na 2011 wachunguzi watano, Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu, Alice Ng'ang'a na Justin Sandefur, walijaribu mpango huo katika shule 192 katika mikoa yote minane ya wakati ule. Shule nyingine hazikupewa mwalimu, ili ziwe za kulinganisha. Nyingine zilipewa mwalimu wa mkataba chini ya shirika la World Vision, na nyingine chini ya Wizara ya Elimu. Mshahara ulikuwa shilingi 5,000 kwa wengine na 9,000 kwa wengine. Maneno ya mkataba yalikuwa yale yale.

Chini ya shirika, alama za watoto zilipanda. Chini ya Wizara, hazikupanda hata kidogo. Sufuri.

Someni tena, ndugu. Karatasi ya mkataba ni moja, na matokeo ni mawili. Kama ingekuwa mkataba wenyewe ndio unaomfanya mtu afanye kazi, ungefanya hivyo pande zote mbili. Wachunguzi walipotafuta sababu waliona kwamba upande wa Wizara mambo yalicheleweshwa, mishahara ilikawia, na wakaguzi hawakufika shuleni kama upande wa pili. Walitaja pia jambo linalotuhusu sisi watu wa vyama. Chama cha walimu, KNUT, kilikuwa kinaupinga mpango huo, na mwezi wa Septemba mwaka 2011 walimu waligoma, wakidai pamoja na mengine kwamba wenzao wa mkataba waajiriwe kazi ya kudumu. Wachunguzi walisema kwamba walimu waliokuwa chini ya Wizara waliuona mkataba wao kama mlango wa kazi ya kudumu, si kama mkataba wa kufukuzwa.

Mtu anaweza kusema: basi chama ndicho kilichoharibu. Sisi hatukubali. Mwalimu aliyetaka kazi yenye pensheni hakufanya kosa. Mtu anayelipwa kidogo akifanya kazi nzima, halafu hicho kidogo chenyewe kikachelewa, hana haja ya kuchochewa na chama ili ajue anadhulumiwa. Lakini tunakubali neno hili: chama kikipigania kazi ya kudumu, lazima kipiganie pia kazi yenyewe ifanyike. La sivyo, kila mchunguzi atakayekuja atatukuta na aibu.

NA SISI JE?

Tuulizane wenyewe kwa wenyewe kabla hatujaulizwa. Vibarua walipoletwa karakana mwaka juzi, ni nani aliyekuwa akiingia chini ya behewa, na ni nani aliyekuwa amekaa juu ya kreti akinywa chai? Nafasi tatu za vibarua zilipotangazwa, je, si shemeji za watu fulani walioandikwa kwanza? Mambo yaliyoandikwa juu ya walimu yangeweza kuandikwa juu yetu. Afadhali tuyaseme sisi hapa katika gazeti letu kuliko kuyasikia mezani kutoka kwa afisa.

Lakini na ofisi nayo iulizwe. Kibarua alikaa siku tisa bila glavu, akingoja sahihi. Spana ya kupimia ilipovunjika tuliazimana moja kwa zamu mbili. Malipo ya saa za ziada huja mwezi wa pili au wa tatu. Kama kijana wa chuo kikuu angepima kazi yetu katika siku hizo tisa, angeandika kwamba watu hawa ni wazembe. Hesabu yake ingekuwa sahihi, na maana yake ingekuwa uongo.

Ndiyo maana tunasema, tupimeni sisi, lakini pimeni na ofisi. Pimeni siku ya mshahara inavyokuja. Pimeni stoo. Pimeni njia ambayo barua ya malalamiko hupita mpaka ijibiwe. Mwenye duka akidai kwamba mnunuzi ni mwizi, mkaguzi mwenye akili hukagua kwanza mizani ya duka.

TUFANYE NINI?

Tunaleta mashauri manne mbele ya tawi.

Kwanza, tusiwakimbie wachunguzi, wala tusiwadanganye. Uongo wa mzee wetu wa watoto kumi na wanne ulitufurahisha, lakini siku moja uongo kama huo utakuwa hesabu katika karatasi, na karatasi itawekwa mezani kupanga posho ya nyumba. Tukidanganya tunajipunguzia wenyewe.

Pili, kila mchunguzi akija aulizwe maswali matatu na mjumbe wetu, kwa adabu. Nani anakulipa? Unapima watu peke yao, au na ofisi pia? Na ukimaliza, utatuletea matokeo kwa lugha tunayoifahamu? Akijibu vizuri, apewe kiti na chai. Akikataa kujibu, naye asijibiwe.

Tatu, tawi lichague watu wawili wa kusoma taarifa za namna hii na kutuandikia muhtasari kwa Kiswahili. Hawana haja ya kuwa na shahada. Sisi tulioandika haya tulisoma shule ya msingi tu, na kwa msaada wa kijana mmoja jioni tatu zilitutosha.

Nne, katika mkutano ujao wajumbe wetu wamwombe afisa aziweke mezani karatasi zote mbili, ile aliyoitaja na ile asiyoitaja, zisomwe mpaka mwisho. Halafu aulizwe: ofisi inataka kuiga kitu gani? Usimamizi mzuri na malipo ya siku yake, au robo ya mshahara peke yake? Kama ni usimamizi mzuri, sisi tuko tayari hata kesho, na hauhitaji kumtoa mtu katika kazi ya kudumu. Kama ni robo ya mshahara, basi aseme robo ya mshahara, asiwasingizie wasomi.

Yule kijana atarudi mwezi ujao na karatasi zake. Ametuahidi kuongeza maswali juu ya stoo na juu ya siku ya malipo. Mzee wetu wa breki naye ametuahidi kwamba safari hii atasema watoto wanne.

Umoja ni nguvu.